Kata au viti maalum? Kwa mwanamke wa Kigoma anayeutaka udiwani

Swali hili huniijia jikoni kuliko mahali pengine popote. Mwanamke anafika jioni, anasifia maharage, anauliza habari za watoto na za mvua, kisha anashusha sauti kama mtu anayeomba mkopo: "Dada, hivi nichukue fomu ya kata, au niende zangu viti maalum?"

Nipo Kasulu. Nimekuwa wakala wa kituo mara tatu, meneja kampeni wa kata mara moja, na mpishi wa mawakala mara zisizohesabika. Sijawahi kugombea. Ngoma hii naijua kwa kusimama pembeni, na aliye pembeni huona miguu ya wachezaji vizuri kuliko wachezaji wenyewe.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema kata ni ya wananchi na viti maalum ni vya chama. Hiyo ni nusu ya ukweli. Njia zote mbili zinaanzia chamani, kwa sababu sheria zetu hazimpi nafasi mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilisema mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Hata hivyo mpaka uchaguzi wa 2025 asiye na chama hakuwa na jina kwenye karatasi ya kura. Na ukipoteza uanachama, kiti nacho kinakwenda, kiwe cha kata au cha viti maalum. Kwa hiyo mimi huwa nawauliza hivi: ukiacha chama, nani mwingine yupo nyuma yako? Diwani wa kata anaye mtu wa kumtaja. Wa viti maalum lazima afikirie kidogo.

Hesabu ya viti

Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane: Manispaa ya Kigoma Ujiji, Mji wa Kasulu, na za wilaya ya Kigoma, Kasulu, Buhigwe, Uvinza, Kibondo na Kakonko. Katika kila baraza wapo madiwani wa kata, yupo mbunge wa jimbo, na wapo madiwani wanawake wa viti maalum ambao sheria inataka wasipungue theluthi moja ya hao waliochaguliwa. Chukua halmashauri ya kufikirika yenye kata 20 na mbunge mmoja. Theluthi ya 21 ni saba. Viti saba hivyo vinagawanywa kwa vyama kufuatana na jinsi kila chama kilivyofanya katika halmashauri hiyo.

Basi una viti saba ambavyo kila mwanamke mwenye kadi anavikodolea macho, na una viti ishirini ambavyo wanawake wengi hawavitazami kabisa kwa kuamini vina wenyewe. Hapo ndipo ninapoanza kubishana na wageni wangu wa jikoni. Wanakimbilia foleni ndefu kwa sababu imeandikwa "wanawake", wakati kwenye dirisha la pili wamesimama wanaume watatu tu.

Kitu kingine cha kuangalia ni nguvu ya chama chako mahali ulipo. Kigoma tuna mfano wetu. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo ilishinda jimbo la Kigoma Mjini na ikalishika baraza la Manispaa. Mgombea wake wa urais mwaka huo, mama Anna Mghwira, ndiye alikuwa mwanamke pekee katika kinyang'anyiro hicho. Lakini Bungeni chama hakikupata hata kiti maalum kimoja, kwa sababu Katiba inataka chama kifikishe angalau asilimia 5 ya kura za wabunge nchi nzima ndipo kigawiwe. Mwanamke wa Ujiji aliyekuwa anaota ubunge wa viti maalum kupitia chama hicho alikuwa anaota bure, huku mwenzake aliyetaka udiwani wa viti maalum katika Manispaa hiyohiyo akiwa na mlango wazi. Piga hesabu ya chama chako kwanza, ndipo upige ya kwako.

Anayekupigia kura

Kwenye kata anapiga kura kila mwenye kadi ya mpiga kura, baada ya wewe kupita kwenye mchujo wa chama. Kwenye viti maalum wanaopiga ni wajumbe. Kwa CCM kura hizo zipo ndani ya UWT, na vyama vingine vina jumuiya zao za wanawake na taratibu zao. Kisha vikao vya juu vinapitia orodha, na orodha inaweza kupanguliwa. Unaweza kuongoza kwa kura na ukajikuta nafasi ambayo mgao hauifikii.

Mwaka 2020, baada ya kura za maoni, nchi nzima ilikuwa inasema "wajumbe si watu wazuri". Tulicheka sana, lakini aliyeachwa hakucheka. Mwanamke mmoja niliyemsaidia mwaka mmoja, chama sitakitaja, alikuwa na daftari lenye majina 63 ya wajumbe waliomwahidi kwa mdomo wao wenyewe. Wengine walikula kwake. Mmoja alimwita "mwanangu" na kumwombea dua. Kura zilipohesabiwa alipata 11. Alichoniambia usiku ule sijakisahau: kati ya wale 63, hakuna hata mmoja aliyekuwa jirani yake. Wote aliwafahamu kwa ajili ya kura, nao walimfahamu kwa ajili hiyohiyo.

Kwenye kata uongo upo pia, tena mwingi. Tofauti ni kwamba wapiga kura elfu mbili tatu hawawezi kukaa chumba kimoja usiku wakakubaliana kukugeuka. Kura ya kata hugeuka polepole, na ukiwa na masikio utaisikia inageuka sokoni wiki mbili kabla.

Upande mwingine, wajumbe wa viti maalum ni wanawake wenzako. Hawatakuuliza nani atabaki na watoto. Hawatakuambia upaze sauti au ushushe sauti. Mkutano wa kata utakuambia vyote viwili siku moja. Nimemwona mgombea mwanamke akisimama kujinadi, na swali la kwanza, kabla ya maji na kabla ya barabara, likawa: "Mumeo amekuruhusu?" Mgombea mwanaume aliyemfuata aliulizwa bei ya mbolea.

"Wewe ni wa wapi?"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wanawake wengi wa kwetu wanapoangukia, na hapaandikwi kwenye vipeperushi vya semina.

Kwa desturi yetu mwanamke akiolewa anakwenda kwa mumewe. Anaweza kuishi huko miaka ishirini na mitano, akazaa, akazika, akalima, akajenga. Siku akichukua fomu anageuka mgeni. Wanasema: huyu ameletwa tu. Akiamua kurudi kugombea kata aliyozaliwa wanamwambia: wewe si tulishakutoa, mahari yako tukala? Aliyeachika anaambiwa kwamba aliyeshindwa nyumba moja hawezi kata. Mjane anaambiwa ataolewa tena na kuhama na kiti chetu. Binti ambaye hajaolewa anaambiwa asubiri kwanza ajulikane atakuwa wa wapi. Jaribu kumtafuta mwanamke ambaye hakupata jibu lake hapo. Mimi sijampata.

Sheria haina habari na hayo. Inachotaka ni kwamba mgombea udiwani awe mkazi wa eneo la halmashauri, awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na adhaminiwe na chama chake. Haimuulizi ukoo. Lakini uvumi hausomi sheria, na kwenye kata ndogo uvumi ndio redio.

Kwa mwanamke aliyebanwa na swali hili, viti maalum vina nafuu ya kweli. Havina mpaka wa kata. Wajumbe wanatoka kila upande wa wilaya, wengi wao wenyewe wameletwa na ndoa, na hawana muda wa kuhesabu kizazi chako. Nimeona wanawake hodari ambao kata ya mume isingewapa kamwe, wakaingia baraza kwa njia hii na kufanya kazi nzuri. Siwezi kuwalaumu.

Ila nimeona pia namna swali hilo linavyokufa. Haliuawi na hotuba. Yule niliyemfanyia kampeni ya kata alitoka upande wa Buhigwe, akaolewa huku kwetu. Kwa miaka tisa alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wanawake wa mawese. Ndiye aliyekuwa anashika daftari la michango kwenye misiba, kazi ambayo kila mtu anaikimbia kwa sababu ukikosea shilingi mia tano unaitwa mwizi mbele ya maiti. Hakukosea. Siku ya mkutano, mzee mmoja wa ukoo wa mumewe aliposikia mtu nyuma anasema "si wa hapa", alisimama na fimbo yake akauliza: "Nani kati yenu ambaye daftari lake la msiba halikuandikwa na huyu?" Wakanyamaza. Tulishinda kwa kura chache, na sidhani kama mabango yangu yalichangia hata mbili kati ya hizo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama unaweza kugombea kata uliyoolewa, nitakuuliza umeandika madaftari mangapi.

Pesa

Watu wanaamini viti maalum ni rahisi. Si rahisi, gharama yake imejificha tu.

Dhamana ya tume kwa mgombea udiwani haifiki bei ya ndoo ya mawese. Inayokula ni mengine: fomu na michango ya chama, spika, mafuta ya bodaboda, vitenge vya wanakamati, na siku yenyewe chakula cha mawakala, maana wakala mwenye njaa huondoka kituoni saa nane mchana na kura zako anaziacha yatima. Lakini kata inatembeleka. Kata nyingi za Kasulu na Buhigwe unazimaliza kwa miguu na pikipiki ndani ya wiki mbili, ukilala kwako kila siku.

Sasa chukua viti maalum Uvinza. Mjumbe mmoja yupo Nguruka, njiani mwa reli. Mwingine yupo Kalya, kusini kabisa ziwani, ambako unakwenda kwa boti ukimwomba Mungu ziwa litulie. Kura hizo mbili zinaweza kukugharimu kuliko kata nzima ya mjini. Na kwa kuwa wapiga kura ni wachache, bei ya kila mmoja inapanda. Huo ni ukweli wa soko lolote. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakataza kununua kura, na TAKUKURU huwa wanazunguka msimu wa kura za maoni. Usijidanganye kwamba "nauli ya mjumbe" ina jina lingine mbele yao.

Kuna malipo mengine yanayoombwa ambayo hayahesabiwi kwa shilingi. Yanaombwa kwenye njia zote mbili, lakini yana nguvu zaidi pale jina lako linapokuwa mikononi mwa watu wachache waliojifungia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Ninachowaambia wageni wangu ni cha jikoni tu: usiende kikao cha mtu mmoja, usiende usiku, na mwenzako mmoja ajue uko wapi. Anayetaka kukusaidia kweli atakusaidia saa nne asubuhi.

Ukishaingia

Ndani ya ukumbi kura ni moja kwa kila mmoja. Diwani wa viti maalum anapiga kura kwenye bajeti kama mwenzake, anaingia kamati za kudumu kama mwenzake, iwe ya Fedha, Uongozi na Mipango, ya Elimu, Afya na Maji, au ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Hapo hakuna mkubwa.

Tofauti inaanza mkiteremka ngazi. Diwani wa kata ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata akiwa katibu. Zahanati ijengwe kijiji gani kwanza, matundu ya choo ya shule gani, barabara ipi iombewe greda: hayo yanapita kwake. Diwani wa viti maalum ni mjumbe tu kwenye kata anakoishi. Akienda kata nyingine ni mgeni rasmi, na mgeni rasmi hupewa soda, hapewi muhtasari. Wapo watendaji wasiomjulisha hata ratiba. Wapo wananchi wanaomwita "diwani wa kupewa" mbele ya watoto wake. Hilo linauma, na sitajifanya haliumi.

Lakini kuna jambo moja ambalo kwa maoni yangu wa viti maalum analiweza kuliko wa kata, kama atakuwa na akili ya kulishika. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ipangwe upya, ikarudishwa mwaka 2024. Diwani wa kata anakimbizwa na kalavati, na kalavati halina mwisho. Wa viti maalum ana wilaya nzima na hadaiwi kalavati na mtu. Anaweza kuzunguka vikundi, kuhakikisha vimesajiliwa, kuona nani kanyimwa na kwa nini, kisha kusimama kwenye baraza la robo mwaka akiwa na orodha mkononi na kumuuliza mkurugenzi: hizi asilimia nne zimefika wapi? Nimemwona mmoja akifanya hivyo. Baada ya hapo hakuna aliyemwita wa kupewa.

Wanaokusudia ubunge wajue pengo linakuwa kubwa zaidi huko juu. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, uko chini ya mbunge wa jimbo. Wa viti maalum hana mfuko huo. Na Katiba inataka Waziri Mkuu atokane na wabunge wa majimbo.

Ngazi, au kigoda?

Viti maalum vilianza vikiwa 15 tu Bungeni mwaka 1985. Baada ya uchaguzi wa 2020 vilikuwa 113. Wakati huohuo, kwenye majimbo 264 wanawake hawakufika mmoja katika kila kumi. Kila mtu anasema viti hivi ni ngazi ya kupandia. Mimi naona wengi wamekifanya kigoda, wakakaa. Si lazima iwe hivyo, na mifano ya karibu ipo.

Magdalena Sakaya aliingia Bungeni kwa viti maalum vya CUF, akatumia miaka ile kujulikana, na mwaka 2015 akashinda jimbo la Kaliua, Tabora, akiwa mpinzani. Mwaka 2020 jimbo likaenda CCM. Margaret Sitta naye alipitia viti maalum kabla ya kulichukua jimbo la Urambo mwaka 2015. Joyce Ndalichako aliingia Bungeni kwa uteuzi wa Rais, na mwaka 2020 akaja kwetu Kasulu Mjini kuomba kura na akazipata. Na Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alianzia viti maalum vya Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000, akagombea jimbo la Makunduchi mwaka 2010. Watakaosema hao walikuwa na majina makubwa au waume wenye majina, sitabishana nao sana. Nami pia nimeliona hilo. Lakini angalia walichofanana: hakuna aliyesubiri aondolewe ndipo atafute jimbo.

Maana kuondolewa kupo, na kwa viti maalum hakuna kelele. Diwani wa kata akiondoka, unapigwa uchaguzi mdogo na watu wanauliza kulikoni. Wa viti maalum akiondoka jina linalofuata linachukuliwa, na soko linafunguliwa kama kawaida. Hata ule mvutano wa wabunge 19 wa viti maalum wa Chadema, walioapishwa Novemba 2020 na kufukuzwa uanachama siku chache baadaye, ulibishaniwa kwenye vikao na mahakamani. Hapakuwa na jimbo lolote ambalo wananchi wangeulizwa: nyinyi mnasemaje?

Kijijini, ambako hakuna anayeniuliza

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja jikoni kwangu kuniuliza kuhusu kijiji. Wote wanauliza udiwani. Inanisikitisha, kwa sababu hapa ndipo ningemwanzisha mwanamke mwenye miaka ishirini na tano.

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na wanawake wasipungue robo. Kuna jambo ambalo wengi hawaligundui: viti maalum vya kijijini vinapigiwa kura na wanakijiji wenyewe, siku ileile ya kumchagua mwenyekiti. Si wajumbe wa chama. Chama kinakupitisha, lakini anayekupa kiti ni jirani yako. Kwa hiyo neno ni lilelile, viti maalum, na mambo ni mawili tofauti kabisa.

Kisha kuna Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba, watatu wawe wanawake, na kikao hakikamiliki bila wajumbe wanne ambao wawili kati yao ni wanawake. Hakuna mshahara. Kuna kusuluhisha mpaka wa shamba jua likiwa utosini, wanaume wawili wameshika majembe. Lakini mwanamke aliyesuluhisha mipaka thelathini anajua kila ukoo, kila kinyongo na kila deni la kijiji, na wao wanajua kwamba hapokei kitu chini ya meza. Hakuna semina ya kujengewa uwezo inayotoa hayo.

Uenyekiti wa kijiji ni mlima mwingine. Baada ya uchaguzi wa 2019 wanawake wenyeviti wa vijiji nchini walikuwa kama wawili katika kila mia. Mwenyekiti ndiye anayesimamia mkutano mkuu wa kijiji, ndiye anayetia saini hati za hakimiliki za kimila pamoja na mtendaji, na wanaume wanajua thamani ya saini hiyo. Ndiyo maana hawaachii kirahisi. Mwanamke mwenye moyo wa kugombea uenyekiti wa kijiji, kwangu, anastahili kuheshimiwa kuliko mwenye kugombea viti maalum vya wilaya, ingawa hatopewa kiti cha mbele kwenye sherehe.

Basi nani achukue nini

Kama umeletwa na ndoa na hujamaliza miaka mitano huko, kata iache kwa sasa. Nenda kamati ya shule, nenda baraza la ardhi, shika daftari.

Kama wewe ni mwalimu mstaafu, mkunga, mweka hazina wa kikundi kinachojulikana, au mke wa mtu ambaye ukoo wake hauna ugomvi na vitongoji viwili vizito, chukua kata. Usiende viti maalum kwa woga. Utakuwa umewaachia wanaume kiti ambacho ungekichukua, na umemnyima nafasi mwanamke mwingine ambaye hana njia zaidi ya hiyo.

Kama unaishi na ulemavu unaokuzuia kuzunguka kata, kama kata yako ni ya chama kingine tangu enzi, au kama swali la "wa wapi" limekufungia kila upande, viti maalum ni vyako na usione haya. Ila ingia ukiwa na kata moja kichwani. Tangu mwezi wa kwanza ichague, hudhuria kila kikao cha kamati yake ya maendeleo, na utie nia huko muhula unaofuata.

Na kama unavitaka viti maalum kwa sababu umesikia ni kazi nyepesi yenye posho, sina la kukuambia. Wajumbe watakuambia.

Muda upo. Kwa kalenda ya miaka mitano, vijiji vinarudi kwenye kura mwaka 2029 na kata mwaka 2030. Mgeni wangu wa mwisho, mama mmoja mwenye genge la dagaa na mgebuka, alikuja mwezi uliopita. Nilimpa daftari la kurasa arobaini na nane, nikamwambia aandike, kitongoji kwa kitongoji, majina ya watu ambao wakiugua usiku wanaweza kugonga mlango wake. Si wanaomfahamu, wanaoweza kumgongea. Amerudi juzi. Kitongoji cha kwanza majina 52. Cha pili 31. Cha tatu 40 na kitu, mwandiko umebanana. Cha nne majina manne, na wote wanne ni shemeji zake.

Tumeanza na cha nne. Jumapili kuna ubatizo huko, na ameshaulizia wanapungukiwa sufuria ngapi.